Laptopu ya Kumrudisha Golnush

Jumamosi, tarehe 18 Shahrivar

Matokeo ya mtihani wa chuo kikuu yametoka. Golnush, binti yetu, amepata chuo cha Tabriz. Uhandisi wa maji, chaguo lake la kwanza. Mama yake alipiga vigelegele mpaka jirani wa juu akashuka na sahani ya peremende akidhani kuna posa. Mimi nilisema hongera mara nne. Kisha nikaenda bafuni kuangalia bomba ambalo halivuji.

Tabriz. Nimepima kwenye ramani kwa rula. Kwa basi ni saa kumi na saba, dereva asipolala. Na hapa Yazd kuna chuo kikuu kizuri, dakika kumi na mbili kutoka mlangoni kwetu, taa mbili tu za barabarani. Nilimkumbusha Golnush. Akasema anakijua, baba, na ndiyo maana hakukijaza kwenye fomu.

Miaka ishirini na mbili nafundisha watu udereva. Nakaa kiti cha abiria na breki yangu mwenyewe miguuni. Mwanafunzi akizubaa, nakanyaga, maisha yanaendelea. Leo nimekaa mezani mguu wangu wa kulia ukikanyaga zulia chakula kizima. Maliheh, mke wangu, akauliza kama mguu umekakamaa.

Golnush anahitaji laptopu. Ameandika karatasi kwa mwandiko wake ule wa kulalia upande: iwe nyepesi, isizidi kilo moja na nusu, maana atabeba kutoka bweni mpaka darasani kwenye theluji. Betri ikae kutwa. Bei isituumize. Maliheh alisoma, akavua bangili yake ya harusi, akaiweka juu ya karatasi, akarudi kwenye vitunguu vyake. Mimi nimeteuliwa kuchagua, kwa sababu mimi ndiye ninayeelewa mashine.

Mchagua jembe si mkulima, lakini mimi sitafuti jembe la kulimia. Nimewaza kutwa na nimepata mpango. Chombo kizima humpeleka mtu mbali. Chombo kibovu humrudisha kwa fundi. Na fundi yuko wapi? Yuko Yazd, karibu na baba yake. Nitanunua laptopu yenye ugonjwa wa wastani. Isife. Iumwe tu, kila baada ya wiki tatu hivi.


Jumapili, tarehe 19 Shahrivar

Dukani kwa Bwana Sohrabi, anayeuza laptopu zilizotumika. Nilimwomba anionyeshe yenye matatizo.

Akaniambia dukani kwake hakuna yenye matatizo. Akaapa kwa roho ya marehemu baba yake. Nikasema basi, naenda duka la jirani. Akaapa tena, safari hii kwa babu. Nikamwonyesha moja iliyokuwa ikikoroma rafuni, nikauliza hii inaumwa nini. Akasema haiumwi, hiyo ndiyo sauti ya nguvu zake. Nikamweleza kwa upole kwamba naitaka kwa sababu inakoroma. Akanitazama kama mtu aliyetumwa na ofisi ya kodi.

Tulivutana saa nzima. Yeye anatetea afya, mimi natafuta maradhi. Mwishowe alichoka, akanivuta nyuma ya pazia, akashusha sauti: "Mzee wangu, nikwambie ukweli? Kila moja ina lake." Hapo tukaanza kuelewana.

Nimepata ninayoitaka. Nyeusi, pana, nzito kama begi la harusi. Betri haimalizi dakika kumi. Feni inakoroma, bawaba moja inalia. Kibodi ilitengenezwa kwa ajili ya watu wa Uswidi, juu yake zimebandikwa stika za herufi zetu, na tatu zimeshabanduka. Chaja yake peke yake ni tofali.

Nikauliza bei. Sohrabi akaweka mkono kifuani: "Kwako haina bei, mzee. Chukua uende." Nikasema haiwezekani. Akasema ataudhika nikilipa. Nikasema nitaudhika nisipolipa. Mara ya tatu akataja bei, na ilikuwa bei ya laptopu nzima, kwa maelezo kwamba mbovu ya namna hii ni adimu. Hivyo ndivyo watu wenye adabu wanavyonunua vitu. Pesa ya bangili imekwisha yote.


Jumatatu, tarehe 20 Shahrivar

Nilimpa baada ya chakula cha mchana. Golnush aliinyanyua kwa mikono miwili, akaipeleka jikoni, akaiweka kwenye mizani ya mama yake ya kupimia kokwa za pistachio. Kilo tatu na gramu mia sita, pamoja na tofali lake.

Nilitegemea alalamike. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu uimara. Akasema: "Asante, baba. Ni kubwa. Nitaona vizuri." Akanibusu kwenye paji la uso, akaipeleka chumbani.

Bora angelalamika.

Maliheh alikuwa akisuka nywele zake, na mkono mtupu unaonekana zaidi mtu akisuka nywele. Akaniuliza tu kama Sohrabi huyo ana macho. Nikasema anayo. Akasema basi tatizo si la Sohrabi.


Jumatano, tarehe 22 Shahrivar

Jana laptopu ilizimika yenyewe mara mbili kabla ya adhuhuri. Furaha yangu! Nilisimama mlangoni kwake nikasema kwa huzuni kubwa kwamba mashine za siku hizi ndivyo zilivyo, lakini asihofu, ikizimika huko Tabriz apande basi aje, nitampeleka kwa fundi mimi mwenyewe. Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa akiandika kitu.

Leo nimerudi kutoka kazini, nimekuta kitambaa cha meza kimetandikwa sakafuni, na juu yake laptopu imefumuliwa yote. Skurubu zimepangwa kwenye visahani vya chai kwa ukubwa wake. Bisibisi ni yangu. Alikuwa ametazama video tatu tu. Amesafisha feni kwa mswaki. Bawaba ameitia mafuta. Betri amempigia mtu akaileta kwa pikipiki, kwa pesa zake za kufundisha watoto wa jirani hesabu. Stika zilizobanduka ameandika herufi kwa rangi ya kucha ya mama yake.

Akaiwasha mbele yangu. Kimya. Haikoromi hata kidogo. Golnush ana vumbi puani, anacheka mpaka meno ya mwisho. Akasema: "Umeona, baba? Sasa hata ikiharibika huko, sitakusumbua."

Nilileta mgonjwa, kumbe nimemsomesha daktari. Nikamwambia ni vizuri. Katika maisha yangu sijawahi kutamani kusumbuliwa kama leo.


Alhamisi, tarehe 23 Shahrivar

Leo sikuwa na mwanafunzi mpaka alasiri. Nilikuwa dirishani nikinywa chai. Golnush alitoka uani na mkoba mgongoni, ndani yake laptopu na vitabu viwili vinene, akaanza kuzunguka kisima. Mzunguko mmoja, miwili, kumi. Nikamuuliza Maliheh anafanya nini mtoto huyu. Akasema anafanya mazoezi. Kutoka bweni mpaka darasani ni dakika ishirini na tano za mlima, ameuliza.

Mzunguko wa kumi na moja bega lake la kushoto lilikuwa limeshuka. Alikuwa akiligeuza kama mtu anayetaka kulirudisha mahali pake.

Alipokuwa darasa la kwanza alibeba begi la shule hivyohivyo, bega moja chini. Nilikuwa namchukulia mpaka kona ya duka la mkate. Hapo alilidai, ili wenzake wasione. Nilikuwa nasimama pale konani nikimtazama mpaka aingie getini, na kila siku kabla ya kuingia aligeuka. Kila siku, miaka mitano. Halafu siku moja akaacha kugeuka, na sikumbuki ilikuwa siku gani. Namtamani yule mtoto wa konani. Namtamani na huyu anayezunguka kisima, ambaye bado yuko hapa, wiki moja kamili kabla ya kuondoka.

Basi. Mimi si mtu mbaya. Akienda, aende na kitu chepesi. Nimebadilisha mpango.

Pesa zimekwisha, lakini kuna shemeji yangu Kiumars, kaka yake Maliheh. Miaka kumi na tisa yuko Hamburg, na amekuja likizo ya miezi miwili, amefikia kwa mama yao mtaa wa pili. Ni mtu ambaye akipanda gari langu anauliza kama limewashwa. Ana laptopu nyembamba kama trei ya chai, na anatembea nayo kila mahali kama watu wengine wanavyotembea na tasbihi. Na kesho anakula kwetu.

Mpango wa pili ni huu. Nitaisifu. Kwetu mtu akisifu kitu chako, hata kama ni figo, unasema: "Ni chako, chukua." Naye anajibu: "Hapana, kinampendeza mwenyewe." Mnakunywa chai, kila mtu anabaki na figo lake. Kiumars atasema "ni yako", hana njia. Na mimi nitafanya jambo ambalo hakuna mtu wa ukoo wetu wa Golshani aliyewahi kulifanya. Nitakubali.

Nimemuuliza Maliheh kama kaka yake huja na laptopu kwenye chakula. Akasema huja nayo. Nimeuliza tena kuhakikisha.


Ijumaa, tarehe 24 Shahrivar

Naandika kama ilivyotokea.

Wali wa zafarani, kuku wa zereshki, vile vitunda vyekundu vichachu, maziwa ya mgando. Kiumars alikula sahani tatu na kusema Ujerumani hakuna mchele, kuna mbegu nyeupe tu. Baada ya chakula akatoa ile laptopu kutuonyesha picha za mto wa huko Hamburg. Golnush aliitazama kwa namna ambayo sikuweza kumtazama yeye.

Nikakohoa. Nikasema: "Mashallah, shemeji. Kitu kizuri hiki. Chepesi. Sijaona mfano wake."

Kiumars akaweka mkono kifuani: "Ni yako, shemeji. Wallahi chukua."

Kilichobaki ni neno moja tu. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi garini siku nzima, mpaka mwanafunzi wangu akadhani namkubalia kupita taa nyekundu. Nikafungua mdomo. Ulimi wangu, huu niliokaa nao miaka hamsini na nne, ukasema: "Hapana, hapana. Inampendeza mwenyewe."

Akasema mara ya pili: "Sitanii, Iraj. Ni yako." Ulimi ukasema: "Mungu akuongezee, nimeshaipata ikiwa kwako." Mara ya tatu aliichukua akaiweka magotini kwangu. Magotini! Nilihisi ilivyo nyepesi. Ni kama kuwekewa gazeti. Nikaona mikono yangu miwili, mikono yangu mwenyewe aliyoizaa mama, ikiinyanyua na kuirudisha kwake.

Maliheh alikuwa akimimina chai. Alishusha pumzi kwa sauti.

Na hayo si mabaya bado. Kiumars alimtazama dada yake, kisha akatazama pembeni, pale ilipokaa laptopu ya Golnush. Akasema: "Na hii je? Hizi za zamani ndizo mashine. Siku hizi hawatengenezi tena."

Ulimi haukuniuliza hata ruhusa. "Ni yako, shemeji. Chukua."

"Kweli?" akasema Kiumars. "Basi nashukuru sana."

Akasimama, akaipachika kwapani, akaokota na tofali lake. Nilisubiri acheke. Alivaa viatu. Nilisubiri mlangoni. Alimbusu dada yake, akatoka, na nikasikia akihema ngazini kwa uzito. Miaka kumi na tisa kule imemlia adabu yote. Hata mtoto wa miaka mitatu anajua jibu la "chukua". Mtoto wa miaka mitatu!

Golnush alikuwa amesimama katikati ya chumba, mikono chini. Rangi ya kucha bado ilikuwa kwenye vidole vyake.


Jumamosi, tarehe 25 Shahrivar

Nimekwenda kuidai.

Mama mkwe alinifungulia, akauliza ni heri. Nikasema heri tupu, nimekuja kuwajulia hali. Kiumars akaja, akauliza kama nahitaji kitu. Nikasema sina shida, nione nyuso zenu tu. Wakaleta tikiti maji. Ile laptopu ilikuwa mezani, imefungwa, juu yake pamewekwa sahani ya maganda. Mtoto wangu aliisafisha kwa mswaki.

Nikaanza kwa mbali. Nikasema mashine zile zinasumbua, mtu akijuta asione haya kuzirudisha. Kiumars akasema hajuti hata chembe. Nikasema Golnush aliizoea. Akasema naye anaanza kuizoea. Akauliza tena kama kuna jambo. Hapo ndipo mwanamume angesema. Nikasema tikiti tamu sana. Mama mkwe akasema ni lako, chukua, na kabla sijapumua akalifunga nusu lililobaki kwenye mfuko.

Nimerudi nyumbani na nusu tikiti.

Golnush alikuwa akikunja nguo za baridi. Hakununa, na hilo ndilo gumu. Aliniambia nisijali, maktaba ya chuo ina kompyuta, atakuwa anaamka mapema kupanga foleni. Alisema kama mtu anayemfariji mtoto. Kisha akakata tikiti, akanipa kipande cha katikati.

Nina aibu. Sijawahi kuandika neno hili humu. Mama yake alitoa bangili, yeye alitoa mshahara wake wa kufundisha, na mimi nimetoa vyote viwili kwa adabu.


Jumatatu, tarehe 27 Shahrivar

Kiumars amekuja saa tano asubuhi bila kualikwa. Akaingia na viatu mkononi, akaita: "Yuko wapi mhandisi wa mjomba?" Golnush akatoka. Akampa laptopu yake nyembamba na mfuko wake na chaja yake. Akasema: "Mjomba amebadilishana na wewe. Ile kubwa nimeipenda. Usinirudishie, nitaudhika."

Golnush akasema, kama nilivyomlea: "Hapana mjomba, inampendeza mwenyewe." Mara moja tu. Kisha akaikumbatia kifuani, akakimbia nayo uani. Mara moja! Kizazi hiki kitafika mbali.

Nikamuuliza Kiumars ni nini hiki. Akakaa, akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi. Akasema Maliheh alimpigia simu tangu Alhamisi. Alimwambia: Iraj ameniuliza mara tano kama utakuja na laptopu yako, ataisifu, na ukimpa atakubali, mpe. "Nikakupa," akasema Kiumars. "Mara tatu, shemeji. Nimekuwekea mpaka magotini. Ungetaka nikuimbie?" Basi ikabidi atafute njia nyingine ya kuiacha bila kuniaibisha. Akachukua ile kubwa ili baadaye iwe ni kubadilishana. Atanunua nyingine akirudi Hamburg, hii ilikuwa na miaka miwili. Siku tatu alikuwa akingoja nije niidai ile kubwa, anikabidhi hii nyembamba palepale. "Ukala tikiti," akasema.

Nilimwambia nilijua tangu mwanzo. Maliheh alikuwa mlangoni na kitambaa cha vyombo. Akarudi jikoni, na nilisikia bomba likifunguliwa kwa nguvu.

Alasiri nimeipima kwa siri kwenye mizani ya pistachio, nikitumaini kidogo kwamba kuna kosa. Kilo moja na robo. Betri saa tisa mfululizo. Ni yote aliyoyaandika kwenye ile karatasi. Nimefurahi. Naandika tena ili nijisadiki: nimefurahi. Golnush amezunguka kisima mara kumi na tano, na alipomaliza aliruka juu kama anataka kupaa. Hakuna kitu tena kinachomvuta chini hapa.


Alhamisi, tarehe 30 Shahrivar

Ameondoka.

Mlangoni Maliheh alishika Kurani juu, Golnush akapita chini yake mara tatu. Kazi ya maji ilikuwa yangu. Watu humwaga bakuli moja nyuma ya msafiri ili arudi salama. Nilifikiri, bakuli ni la mtu anayerudi baada ya miezi minne. Nikajaza ndoo. Mimi nilimwaga vizuri, ni Kiumars aliyesimama vibaya. Alikwenda stendi na suruali iliyolowa mpaka magotini.

Stendi nilikagua matairi ya basi. Nilizungumza na dereva kuhusu umbali wa kusimama kwenye mteremko, akaniuliza kama nina tiketi. Nilibeba begi la Golnush, nikalipanga mwenyewe, nikalipangua, nikalipanga tena. Kisha hapakuwa na kitu cha kupanga.

Akasimama mbele yangu na mkoba mgongoni, mabega yote mawili sawa. Akasema: "Haya baba. Sema."

Nilikuwa na mengi. Nilikuwa nayo tangu siku alipozaliwa na uzito mdogo kuliko laptopu ya Sohrabi. Nilitaka kumwambia kwamba nyumba itakuwa kubwa. Kwamba nitapika chai ya vikombe vitatu na kumwaga kimoja. Kwamba sijui mtu anakuwa baba wa nani kutwa nzima mtoto akiwa Tabriz. Nikasema: "Usiache betri ishuke chini ya ishirini. Inaharibika."

Akasema sawa, baba. Alinishika shingo muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

Basi lilipokata kona aligeuka dirishani. Naandika hili ili siku nyingine nisije nikasahau tarehe.


Jumamosi, tarehe 1 Mehr

Vyuo vimefunguliwa. Redio imetangaza.

Maliheh ameweka sahani tatu. Akaondoa moja bila kuitazama. Tulikula haraka. Nimefundisha mwanafunzi mmoja leo, binti wa miaka kumi na minane, na kila alipokosea sikukanyaga breki. Nilimwacha aende. Tulipanda ukingo wa barabara. Mkuu wa shule ya udereva ameniita kwa maelezo.

Kuna jambo lingine. Chaja ya Golnush iko ndani ya mfuko wa koti langu.

Sikuiba. Nilikuwa napanga begi, ilikuwa juu, na mkono ukafanya ulichofanya. Niligundua nikiwa njiani kurudi, tuseme. Ni jambo la kawaida kwa mtu mwenye huzuni. Sasa nini kitatokea? Betri itakwisha. Atapiga simu: baba, chaja. Kitu kama hicho hakitumwi na basi, kinaweza kupotea. Mtu mzima lazima akipeleke kwa mkono wake. Saa kumi na saba tu.

Nimekaa kitako karibu na simu tangu adhuhuri. Betri ile ni nzuri mno.


Jumatatu, tarehe 3 Mehr

Amepiga! Saa nane mchana, kwa laptopu yenyewe, uso wake wote kwenye simu ya mama yake. Amekata nywele. Nyuma yake kulikuwa na kitanda cha juu na soksi za mtu mwingine. Maliheh alimuuliza anakula nini, kuna joto, wenzake ni watoto wa nani. Mimi nilingoja zamu yangu.

Nikauliza kwa sauti ya kawaida kama betri inakaa. Akasema inakaa. Nikauliza kama hakuna kitu kilichosahaulika. Akasema: "Chaja, baba. Sijui imebaki wapi. Lakini usihangaike, binti wa Ardabil ninayekaa naye ana kama ileile. Tunapokezana."

Ardabil! Nani aliwaomba watu wa Ardabil kuwa na chaja?

Nikasema kwa haraka kwamba nimeiona nyumbani, iko hapa, nitaileta, si usumbufu. Akanitazama, na skrini yake ni nzuri, niliona vizuri sana macho yake. Akasema: "Baba, njoo tu. Hata bila chaja, njoo. Alhamisi sina darasa. Nimewakumbuka."

Tulipokata simu Maliheh alikuwa tayari ameshusha sanduku kutoka juu ya kabati. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema anapanga, si mtoto amesema njoo? Nikamweleza, kwa subira, kwamba hiyo ni adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri lazima aseme "njoo tu". Mtu mwenye akili hamvamii mwenzake kwa neno kama hilo. Lazima awe na shughuli. Maliheh alinitazama sana, soksi zangu mkononi. Akasema: "Baba Golnush, mtoto akisema njoo, maana yake ni njoo." Wanawake wanaamini wanachoambiwa.

Tunaondoka keshokutwa jioni. Maliheh anapeleka pistachio, makomamanga, blanketi na peremende za kugawa bweni zima. Ananiuliza kila baada ya dakika kumi kama nimeshapakia chaja. Nasema nimepakia.

Iko kabatini, chini ya fulana zangu za baridi. Binti wa Ardabil anayo yake, hakuna atakayedhurika. Na nikiipeleka Alhamisi hii, mwezi ujao wa Aban nitakwenda Tabriz na sababu gani?